Farasi wa Ulaya wa kuburuza magogo, nimlete Buchosa? Jibu kwa mama mwenye misindano

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Buchosa, upande ule wa Sengerema. Ana ekari 9 za miti, nyingi misindano, na pembeni kuna mstari wa mikaratusi, shamba limelala kwenye mteremko hadi karibu na ziwa. Miti ina miaka 11, imebanana, anataka kuipunguza. Mwaka juzi jirani yake aliita trekta katikati ya masika, na mpaka leo zile njia za matairi zimegeuka makorongo, mvua ikinyesha udongo wote unashuka ziwani. Sasa mwanae kamuonyesha video ya farasi wakubwa wa Ulaya wanaburuza magogo msituni, anauliza: "Farasi kama wale naweza kuwapata, na wataweza kazi huku kwetu? Naona wanapita katikati ya miti bila kuumiza hata mmoja." Mwishoni kaongeza: na punda je, wanafaa?

Mayu, mwangaluka, na marahaba. Swali lako zuri kuliko unavyodhani, watu wengi wangeniuliza trekta gani la kukodi. Nikujibu moja kwa moja alafu nieleze: farasi usilete, atakufa na hela yako itakufa naye. Lakini kile ulichokiona kwenye video ni kazi ya kweli, sio maonyesho ya watalii, na sehemu kubwa unaweza kuifanya hapo hapo Buchosa kwa mnyama ambaye nina uhakika jirani yako anaye zizini sasa hivi.

Kwanza wale farasi. Inawezekana kabisa uliowaona ni Ardennes, aina ya Ubelgiji na Ufaransa, wafupi wanene wana miguu kama nguzo, mmoja ana kilo 700 mpaka 1000. Wafaransa wana Percheron na Comtois, Waingereza wana Shire ambaye anaweza kupita kilo 1000, Scotland wana Clydesdale. Mpaka leo wanafanya kazi msituni huko na sio kwamba wenzetu wamekosa mashine, mashine wanazo za ajabu, kuna gari la msituni linaitwa fowada lenyewe tupu ni kama tani 15, linabeba magogo mgongoni na lina mkono wa krini. Shida yao ni ile ile ya jirani yako. Tani zote hizo zikipita kwenye udongo laini wenye maji, udongo unashindiliwa, zile nafasi ndogo za hewa na maji zinafungwa, mizizi inakosa pumzi, na safari chache za mwanzo ndo zinaharibu kuliko zote zinazofuata. Kupona kwake unaongelea miaka na miaka, miongo kabisa.

Kwaiyo wenzetu walichofanya ni kugawa kazi, na hapa ndo naomba usome polepole maana video huwa hazionyeshi. Farasi hatoi gogo msituni mpaka barabarani. Farasi anatoa gogo kwenye kisiki mpaka kwenye njia ya kutolea, mita 30, 50, labda 100, basi. Anaingia katikati ya miti ambapo mashine haiwezi kuingia bila kukata miti mingine ya kupisha, anachomoa gogo moja, analilaza pembeni ya njia, anarudi. Fowada au trekta lenye winchi (mashine ya kuvuta gogo kwa waya) linapita kwenye njia ile ile moja siku zote, halitoki nje yake hata kidogo, linaokota. Uharibifu unabaki kwenye michirizi michache uliyochagua mwenyewe, sehemu nyingine yote ya msitu haijaguswa na tairi. Sweden kuna hadi vigari vya kukokotwa na farasi vyenye kikrini kidogo cha injini. Na Waingereza wana chama chao cha waburuzaji magogo kwa farasi, Mfalme Charles alikuwa mlezi wao tangu hajawa mfalme, sasa usije ukadhani ni kazi ya mababu waliosahaulika kijijini.

Sasa kwanini nasema usilete. Sisi wengi farasi tumemuona kwa polisi wa kikosi cha mbwa na farasi au kwa wazungu wa Arusha, tunadhani ni punda mkubwa. Sio. Kuna ugonjwa unaitwa ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaenezwa na visubi, vile vidogo vinavyouma jioni (sio wale wadudu wa ziwani wanaopaa kama moshi, wale hawaumi mtu), na farasi mgeni asiyechanjwa akiupata wengi wanakufa ndani ya siku chache, mapovu puani, kwisha. Punda na pundamilia wao mara nyingi wanaubeba tu bila kuonyesha dalili. Alafu kuna mbung'o, na ukanda wetu wa ziwa historia yake unaijua au bibi yako aliijua, malale mwanzoni mwa karne iliyopita yalifuta watu kwa maelfu mengi kwenye visiwa na mwambao huu, na nagana, yaani malale ya wanyama, kwa farasi haina huruma kabisa, ng'ombe anakonda taratibu farasi anaporomoka. Hapo sijagusa chakula. Farasi wa kilo 800 anayefanya kazi anataka majani makavu kilo 16 hadi 20 kwa siku pamoja na nafaka juu yake, na maji lita 50 na zaidi siku za joto, na kwato zinataka mtu wa kuzichonga na kumvisha vyuma kila wiki 6 mpaka 8. Mwanza nzima sijui nani utampigia simu. Na mwili ule umeumbwa kwa baridi, ule unene wote unatunza joto, jua la saa 6 mchana la Sengerema litamlaza chini.

Ila maksai je? Hapo ndo nilikuwa nataka kufika.

Usukumani plau imekokotwa na maksai tangu enzi za pamba, mtoto wa miaka 10 anajua kuongoza jozi, hiyo ni elimu ambayo Mbelgiji anaenda kusomea na cheti anapewa. Na sio kwamba nakuletea wazo la kujikosha, Chile wamevuta misindano kwa maksai miaka mingi tu, Malawi pia kwenye mashamba ya misindano, na Afrika Kusini wametumia nyumbu wale wa punda na farasi. Nguvu ikoje? Kanuni ya kukumbuka ni hii, mnyama wa kukokota anavuta kutwa nzima nguvu ya kama sehemu 1 ya 10 ya uzito wake, kwa muda mfupi anaweza mara mbili au tatu lakini lazma apumzike. Maksai wetu wa kienyeji ana kama kilo 300, jozi ni 600, kwaiyo mvuto wa kilo 60 wa kudumu. Gogo likiburuzwa chini kwenye ardhi ya tambarare linadai mvuto wa karibu nusu ya uzito wake. Yaani jozi yako inaburuza gogo la kilo 120 bila kuteseka.

Kilo 120 ni gogo gani sasa? Msindano mbichi wenye unene wa sentimita 20 ukiukata mita 4 ni kama kilo 110 hadi 120. Ndo saizi ya miti utakayoitoa kwenye kupunguza, maana unatoa ile myembamba iliyokosa jua sio ile mizuri. Imekaa vizuri mpaka naona raha. Lakini angalia, unene ukienda sentimita 30 urefu ule ule, uzito unaruka hadi kilo 250, watu hapa ndo wanaua ng'ombe, macho yanaona gogo "limezidi kidogo" kumbe ni zaidi ya mara mbili. Na mkaratusi mbichi ni mzito kuliko msindano, nguzo moja ya mita 9 inafika kilo 190 kirahisi, kwaiyo ule mstari wako wa mikaratusi usianze nao.

Hesabu ya mezani: maksai wanatembea kama kilomita 3 kwa saa, mita 60 kwenda na kurudi ni dakika 3 hivi, kufunga cheni, kufungua, gogo kunasa kwenye kisiki, kijana kuongea na simu, weka dakika 8 kwa safari. Masaa 4 ni safari 30, tani 3 na nusu. Trekta linatoa zaidi ya hapo, sitakudanganya, na siku ukija kukata shamba lote kwa mpigo magogo makubwa ita trekta lenye winchi wakati wa kiangazi, usiniletee maksai kwa ajili ya mapenzi. Mimi naongelea kupunguza, ambapo miti unayoiacha ndo mali yenyewe na trekta likichubua gome la mti uliobaki umeingiza kuvu kwenye mbao zako za baadae.

Nikwambie pia kitu ambacho wapenzi wa wanyama hawasemi. Kwato ya ng'ombe inakanyaga kwa nguvu, ukipima pale pale kwenye kwato unaweza kukuta inaminya udongo sawa na tairi. Tofauti ni kwamba kwato ni nukta hapa nukta pale, tairi ni mstari mmoja usiokatika unaoelekea chini, na maji yanapenda mstari. Gogo lenyewe ukiliburuza njia moja mara 100 kwenye mteremko nalo litachimba mfereji, kwaiyo maksai nao wana njia zao za kupanga, katisha mteremko kwa mshazari, na zikiisha kazi tupia matawi ya misindano juu yake. Kama udongo wako ni luseni wa kichanga hii ni muhimu mara mbili, unabebwa na maji kama unga. Kama sehemu ya chini ni mbuga, ule udongo mweusi unaoshika maji, basi mpaka ikauke usiingize hata mbuzi.

Na chini kabisa karibu na maji usipange magogo wala usipitishe njia. Sheria ya mazingira ya 2004 imeweka mita 60 toka kwenye ukingo wa ziwa, ndani ya hapo shughuli za kuharibu haziruhusiwi, na wewe kwa maelezo yako shamba linafika huko. Sehemu ya kupakia Fuso iwe juu, kwenye barabara. Najua ina maana magogo ya chini yanapandishwa. Ndiyo, pandisha, kwa vipande vifupi vya mita 2. Vibali vya kukata na kusafirisha mazao ya misitu maliza na watu wa TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) kabla chensoo haijawashwa, gari lisije likakaa kizuizini wiki nzima.

Sasa ufungaji. Farasi anasukuma kwa mabega na kifua, ndo maana anavaa lile kola kubwa, ng'ombe anasukuma kwa nundu na shingo kwenye nira, kwaiyo vifaa vya video yako havimfai na wala huvihitaji, nira ya plau inatosha kabisa ila ikague, upande unaogusa shingo uwe laini kama mchi uliotumika miaka, hakuna msumari wala kona. Kwenye nira inatoka cheni kwenda kwenye gogo. Wengi wanakosea urefu, ikiwa fupi sana gogo linawagonga miguu ya nyuma, ikiwa ndefu sana linazurura na kujifunga kwenye miti, anza na mita 2 na nusu hadi 3 nyuma ya kwato alafu rekebisha. Funga kitako, upande mnene, kwa kitanzi cha kukaza chenyewe kikivutwa, nusu mita toka mwisho.

Na uangushaji ndo nusu ya kazi. Kijana wa chensoo kama anaangusha miti inavyotaka yenyewe, maksai watalia. Miti ilale kwa mshazari vitako vikiangalia njia ya kutolea, kama mifupa ya sato inavyoelekea kwenye uti wake, ng'ombe akivuta gogo linakuja moja kwa moja bila kugeuzwa. Matawi yakatwe yabaki laini kabisa, kibutu kimoja cha tawi upande wa chini ni nanga.

Kuwazoesha: maksai wa plau anajua uzito lakini hajui kelele, plau haigongi visiki wala haimfukuzi. Mkate gogo jepesi la kilo 30, mvute nalo uwanjani siku 3, 4, wazoee ule mkwaruzo nyuma yao, ndo muingie msituni. Hapa ng'ombe namsifu kuliko farasi, gogo likinasa farasi wengi wanarukaruka kwa hasira mpaka wanakata kamba, maksai anasimama anakuangalia kama anakuuliza "enhe?" unalegeza cheni unazungusha gogo mnaendelea.

Usalama wa watu na wanyama, hili nalisema kwa ukali kidogo. Miaka ya nyuma nilisimamia kazi kwenye kilima kimoja, kulikuwa na manyunyu asubuhi, nikaruhusu wavute kushuka moja kwa moja kwa sababu kila mtu alitaka kumaliza. Gogo lilianza kuteleza lenyewe, likawapita kasi maksai, likamgonga wa kushoto kwenye kifundo. Tulimchinja jioni. Kosa langu mia kwa mia, kijana aliyekuwa anaongoza alikuwa kaniambia panateleza. Kwaiyo mteremko mkali hauvuti kushuka nao, unakatiza. Ikinyesha kazi inaisha. Na muongozaji anatembea upande wa juu wa gogo, kamwe asikae kati ya gogo na mti uliosimama, maana gogo likiyumba linambana hapo kama mlango.

Muda wa kazi sasa, na hapa kuna mtego. Unataka kiangazi, Juni mpaka Septemba, udongo mkavu, na bahati nzuri maksai wa watu wako huru kwa sababu kilimo kimeisha. Lakini ndo kipindi hicho hicho majani hakuna na ng'ombe wamebaki mbavu. Ukimkodi maksai Agosti kwa bei ya kutupa, umekodi mifupa. Mimi ningefanya hivi, ongea na mwenye jozi mwezi wa 5 bado wana mwili, mkubaliane wewe unachangia mashudu ya pamba, yanapatikana kwenye viwanda vya mafuta, pamoja na mabua ya mahindi na chumvi ya mifugo, wawe wanakula nyongeza wiki kadhaa kabla. Mtu akiona ng'ombe wake wanarudi wamenona kuliko walivyoenda, mwaka kesho atakufuata mwenyewe. Saa za kazi anza 12 na nusu asubuhi, saa 4 na nusu wafungue wakanywe maji na wacheue kivulini, ng'ombe asiyepata muda wa kucheua ni gari lisilo na mafuta, jioni saa 10 kidogo kama jua limepoa.

Punda uliniuliza mwishoni kama wanafaa. Kwa fito na vijiti vya kilo 30 kila mmoja, ndiyo, wanafaa sana na magonjwa wanavumilia. Lakini tafadhali usimvishe nira ya ng'ombe, punda hana nundu, ile nira inamkalia kwenye mfupa na ndo vile vidonda tunavyoviona barabarani kila siku, na sheria ya ustawi wa wanyama ya 2008 ipo ingawa watu wanaifanya hadithi. Punda anavuta kwa kifua, mkanda mpana wa turubai au wa mpira wa tairi uliofunikwa kitambaa, sentimita 8 upana, upite chini ya koo kwenye misuli ya kifua, na mkanda mwembamba wa mabegani wa kuushikilia usishuke.

Cha mwisho, kifaa ambacho kitakusaidia kuliko vyote na ni rahisi. Gogo likiburuzwa, pua yake inachimba udongo, hapo ndo nguvu nyingi inapotea. Ukiinua pua tu mzigo unapungua sana, ndo maana wazungu wana kile kigari cha magurudumu mawili chenye upinde, gogo linaning'inia mbele linaburuza mkia. Fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kukutengenezea kwa ekseli na rimu za gari bovu, kwa yale magogo yako machache ya sentimita 30 kitakufaa. Lakini anza na pipa. Chukua pipa la mafuta la lita 200, lipasue katikati kwa urefu, nusu moja ikunjwe mbele kama pua ya mtumbwi, toboa tundu la cheni hapo puani, kitako cha gogo kinakaa ndani yake na pipa ndo linateleza chini badala ya gogo. Ila mwambie fundi kingo zote za bati azikunje kwa nje alafu azigonge na nyundo zilale, letu la kwanza tuliziacha kali, na siku ya pili tu lilikuwa limechana gome la misindano 6 niliyokuwa nataka ibaki.